Riwaya ya Faulkner kwa Kiarabu cha Jabra: huyu Quentin ni mwanamume au mwanamke?

bin_Forodhani (mleta uzi)

Wadau, salaam.

Hapa Muscat sina wa kuzungumza naye jambo hili. Kazini wakiniona na riwaya wakati wa chai wananiuliza kama mkataba wangu unakaribia kwisha. Basi nawaletea nyinyi.

Nimemaliza Al-Sakhab wal-Unf, yaani The Sound and the Fury ya William Faulkner, kwa tafsiri ya Jabra Ibrahim Jabra. Kwa Kiingereza niliianza mara mbili huko nyuma, na mara zote mbili nikarudisha kitabu rafuni kabla ya ukurasa wa 30. Kiarabu kimenivusha. Jabra ameweka utangulizi mrefu mbele, anakueleza nani ni nani kabla hujatumbukia, na bila ule utangulizi nisingefika mbali.

Kwa asiyeijua: ni familia ya Compson, mji wa Jefferson wa kubuni, jimbo la Mississippi, Marekani. Watoto ni wanne, Quentin, Caddy, Jason na Benjy, na Caddy ndiye binti peke yake. Kitabu kilitoka 1929, kina sehemu nne. Ya kwanza ni ya Benjy, siku anayotimiza miaka 33, tarehe 7 Aprili 1928. Hawezi kusema hata neno, akili yake imebaki ya mtoto, kazi yake kulia. Ya pili ni ya Quentin, 2 Juni 1910, yuko Harvard, na ndiyo siku anayojiua. Ya tatu ni ya Jason, 6 Aprili 1928, mtu mwenye choyo na kinyongo hadi unamcheka. Ya nne haisimuliwi na mtu wa nyumba ile; tunamfuata Dilsey, mama Mweusi aliyewapikia na kuwalea wote, Jumapili ya Pasaka. Caddy mwenyewe hakupewa sehemu. Ndugu zake watatu wanamzungumza yeye tu, kila mmoja na donda lake.

Hoja yangu ni hii. Quentin wako wawili. Yupo kaka mtu, na yupo binti wa Caddy aliyepewa jina la mjomba wake aliyekufa. Benjy hajui jana wala leo, anaruka miaka katikati ya sentensi. Kuna pale penye bembea: mara ni Caddy na kijana mmoja, zamani, mara ni yule binti Quentin na bwana mwenye tai nyekundu, 1928. Bembea ni ile ile. Kwa Kiingereza "Quentin said" haikwambii ni yupi aliyesema. Kwa Kiarabu lazima uandike qala (mwanamume kasema) au qalat (mwanamke kasema). Kitenzi cha kwanza tu, siri nje.

Jabra hakuwa na pa kujificha, lugha yenyewe imemlazimisha. Swali: amenisaidia, au amenipunja?

---

Kalamu Butu

Amekusaidia. Usiifanye siri kubwa kuliko ilivyo. Hata kwa Kiingereza baada ya mistari michache inakuja "she" na msomaji anashtuka, anarudi nyuma. Ulichopoteza ni ule mshtuko wa nusu ukurasa.

---

bin_Forodhani

Mkuu, mimi ule mshtuko ndio niliokuwa nautaka. Benjy haulizi "huyu ni mwanamume au mwanamke". Kwake jina Quentin ni jina tu, sauti iliyokuwapo nyumbani siku zote. Kiarabu kinajua jambo ambalo Benjy hajali kulijua.

---

Mchambuzi Uchwara

Sasa geuza upande wetu. "Quentin akasema." "Quentin akamwambia aondoke." Nani kasema? Nani kaambiwa? Kiswahili kinaweza kwenda kurasa kumi na msomaji hajui kama ni mjomba au mpwa. Kiingereza kinaficha kidogo, Kiarabu hakifichi kabisa, sisi tunaficha mpaka basi. Mfasiri wa Kiswahili angekuwa na tatizo kinyume na la Jabra. Ingebidi atafute pa kuchomeka "binti" au "yule msichana", la sivyo msomaji angefika sehemu ya tatu bado anadhani aliyejiua 1910 amefufuka anapaka rangi ya midomo.

---

JiweKubwa

Ndiyo maana nasema Kiswahili kiliumbwa kwa ajili ya watu wenye mambo yao. "Alipiga simu, akasema atakuja, akaghairi." Mkeo kakaa hapo hapo na hana la kukushika. Mwarabu masikini angekuwa keshalala kwa mama yake.

---

Mama Kauthar

JiweKubwa, haya maneno yako mkeo akiyasoma utalala wewe kwa mama yako.

Nimefundisha Kiarabu hapa Mombasa miaka mingi, na kwangu jambo kubwa liko kwenye jalada, kabla hata ya kufungua. Jina la Kiingereza limetoka Macbeth ya Shakespeare, pale anaposema maisha ni hadithi ya punguani, imejaa "sound and fury", haina maana yoyote. Sasa tazameni. Sound kwa Kiarabu ni sawt. Fury iliyo karibu ni ghadab. Haya maneno mawili nyote mnayajua, maana sisi tuliyachukua zamani tukayafanya yetu: sauti na ghadhabu. Jabra alikuwa nayo yote mawili mkononi akayaacha. Akasema sakhab, akasema unf.

Sakhab namvulia kofia. Si sauti tu, ni kelele zilizovurugana, zogo la sokoni, mawimbi yakipiga mwamba. Benjy analia hivyo hasa, kelele isiyo na herufi. Lakini unf ni nguvu, ni mabavu. Ndilo neno la magazeti wakiandika habari za watu kupigana. Fury ilikuwa ndani ya kifua cha mtu, Jabra akaitoa akaiweka mikononi. Mimi hapo simfuati.

---

bin_Forodhani

Mwalimu, shikamoo. Naomba nikupinge kwa adabu.

Mikono imo. Benjy alihasiwa baada ya kumshika msichana wa shule nje ya geti. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anajaribu kusema akashindwa. Hilo ni unf. Na ukurasa wa mwisho kabisa, Luster, kijana anayemtunza Benjy, anapoupitisha mkokoteni wa farasi upande usio wake pale kwenye sanamu ya mwanajeshi, Benjy anapiga kelele mji mzima unasikia, Jason anakuja mbio, anampiga Luster, anampiga na Benjy, lile ua aliloshika mkononi linavunjika. Sakhab kisha unf, kwa mpangilio huo huo. Nadhani Jabra alitafsiri jina akiwa ameshausoma ukurasa wa mwisho.

---

Mama Kauthar

Marahaba mwanangu. Hiyo ya ukurasa wa mwisho sikuifikiria. Nipe siku mbili.

---

Kalamu Butu

Kwa Kiswahili mngeiitaje? "Sauti na Ghadhabu" inasikika kama tamko la chama cha siasa.

---

Mchambuzi Uchwara

Kishindo na Ghadhabu.

---

JiweKubwa

Makelele na Hasira. Mnaogopa nini?

---

KediMstaafu

Nimekuwa nikisoma nyuzi za hili jukwaa kimyakimya karibu miaka mitatu, leo mmenitoa.

Ule mwanzo wa kitabu. Benjy amesimama kwenye ua wa shamba lao la zamani, wazazi waliliuza ili kumlipia Quentin ada ya Harvard na kumfanyia Caddy harusi, na walionunua wamelifanya uwanja wa gofu. Anawaangalia wachezaji kupitia uzio. Mmoja anaita "caddie", yaani anamwita mbeba mikoba wake. Benjy anasikia jina la dada yake aliyeondoka, anaanza kulia. Luster anayemtunza hajui analilia nini, anamkaripia tu.

Mimi nilikuwa kedi. Nilianza darasa la saba, wikendi na likizo, kwenye uwanja mmoja wa huko nyumbani milimani Kenya. Unakaa kwenye benchi la mbao na wenzako kumi na tano tangu saa kumi na mbili asubuhi, baridi inakata vidole, unangoja kuitwa. Hakuna aliyejua jina langu. "Kedi!" Ukisikia tu unaruka. Hata nyumbani, mama akiita jina langu sigeuki haraka, lakini mtu akisema kedi barabarani shingo inajigeuza yenyewe. Mpaka leo, na niko na wajukuu.

Kwa hivyo niliposoma ule ukurasa (nilisoma kwa Kiingereza, nikiwa chuo cha ualimu) sikuhitaji kuelezwa na mtu. Na kwa Kiswahili mfasiri hana kazi hapo. Kedi ni kedi. Andika jina la msichana Kedi, basi, mchezo umekubali. Mwarabu alifanyaje?

---

bin_Forodhani

Mzee wangu, asante sana kwa hii. Jina lake kwa Kiarabu linaandikwa kaf, alif, dal, ya. Kadi, na ile a ya kuvutwa. Lakini Mwarabu wa miaka ile, Baghdad au Damascus, gofu aliijulia wapi? Hilo neno halikuwa na mlio wowote kwake. Siku hizi hapa Ghuba viwanja vimejaa na neno limeingia, kwa hiyo mjukuu anaweza kuupata mchezo ambao babu yake alielezwa tu.

---

Bi Wete

Ngojeni, ngojeni. Kadi?

Mimi si mtu wa riwaya za Kizungu, nimeingia humu kwa kumfuata mwalimu Mama Kauthar. Lakini kadi si lile ua? La mkadi. Sisi Pemba tulikuwa tunaliweka sandukuni baina ya kanga, na ukifungua baada ya mwezi nguo zote zinanukia. Bibi yangu alikuwa akilitia kwenye nywele siku za harusi. Na watu wa Oman na Yemen nao wanaliita hivyo hivyo, al-kadi, wanalithamini sana.

---

bin_Forodhani

Bi Wete, nimesimama kwenye kiti hapa.

Benjy kitu anachokishika kuliko vyote kuhusu dada yake ni harufu. Anasema ananukia kama miti. Anarudiarudia. Siku Caddy amekuwa msichana, akajipaka manukato ya dukani, Benjy akalia hakunyamaza, akamkimbia, hataki kumsogelea. Caddy akaelewa, akaenda kuoga, kisha akamchukua Benjy mpaka kwa Dilsey, akampa Dilsey ile chupa iwe yake. Benjy akatulia, miti imerudi.

Na Mwarabu wa kusini anayesoma Jabra, kila Benjy anapomwita dada yake kichwani mwake, anasoma jina la ua la mti linalonukia. Jabra hakukusudia, ni herufi za jina tu. Ila mimi mtoto wa Zanzibar ninayekaa Oman nimesoma kitabu kizima na sikuliona. Mpaka mtu wa Pemba asiyesoma riwaya za Kizungu aniambie.

---

Bi Wete

Mngetusikiliza mapema mngejua mengi.

---

Mchambuzi Uchwara

Wakati mleta uzi anashuka kwenye kiti, nirudi kwenye sentensi ya kwanza. Benjy anasema wale wachezaji "walikuwa wanapiga". Basi. Hasemi wanapiga nini, maana mpira hauoni au hauelewi. Kwa Kiingereza inasikika kilema kidogo. Kwa Kiswahili inasikika kilema zaidi, na hapo ndipo raha yake, kwa sababu sisi kupiga tunapiga kila kitu: simu, picha, pasi, deki, soga, mluzi, magoti, kura. "Walikuwa wanapiga" bila kitu mbele, msomaji wa Kiswahili anabaki kainua mguu hewani. Mtu akiitafsiri "walikuwa wanapiga mpira" ameua sehemu ya kwanza yote kwa neno moja.

---

Lubumbashi77

Miye nimeisoma kwa Kifaransa, tafsiri ya Maurice-Edgar Coindreau, ya 1938. Yeye alibakiza bruit na fureur, neno kwa neno. Na kwa Kifaransa kitenzi hakionyeshi kama Quentin ni dume ao mwanamke, kwa hiyo siri inakaa kaa kama ya Kiingereza.

Lakini mimi nina neno kuhusu Dilsey, sababu naona nyote mumemupita. Faulkner amemwandika Dilsey na watu wake kwa Kiingereza chao, ya Weusi wa kusini. Bwana bin_Forodhani, Jabra amemupa Dilsey Kiarabu gani?

---

bin_Forodhani

Fusha, Kiarabu sanifu cha vitabuni. Wote fusha. Dilsey jikoni, Bwana Compson na falsafa zake, Jason na matusi, Luster anayetafuta sarafu yake iliyopotea majanini. Nahau ya Jabra ni nzuri, sentensi zinatembea, lakini wote wamekaa darasa moja.

---

Lubumbashi77

Basi hapo Mwarabu amepunjika kweli, si kwa Quentin.

Kumbuka ile ibada ya Pasaka, sehemu ya nne. Mhubiri mugeni, Shegog, mutu mudogo kama nyani, watu wanamuona wanasikitika. Anaanza kuhubiri kwa sauti ya Mzungu, baridi, safi. Kisha ananyamaza. Akianza tena, ni sauti ingine, ya watu wake, na kanisa inashikwa, Dilsey anatoka machozi, anatembea barabarani analia wazi bila kupanguza. Ile mahubiri yote nguvu yake iko mu kule kubadilisha luga.

Kwetu Lubumbashi hii ni kila siku ya Mungu. Pasteri anafungua na Kiswahili bora, ile ya kitabu, ya Biblia. Watu wanakaa kimya na heshima. Moto ukimushika anatupa ile bora anarudia Kiswahili ya hapa kwetu, "mi nabaambia leo", na hapo ndipo mamama wanasimama. Mutu akitafsiri Shegog kwa Kiswahili ana vyombo vyote. Kwa fusha peke yake unaambiwa sauti imebadilika, lakini sikio yako haisikii kitu.

---

Mama Kauthar

Hii ni kweli na inaniuma kuikubali. Lakini tumtendee haki Jabra: desturi ya tafsiri ya Kiarabu ni fusha. Angempa Dilsey lahaja gani? Ya Baghdad? Basi msomaji wa Cairo angecheka. Ya Misri? Angegeuka mwigizaji wa filamu. Lahaja yoyote ina mji wake, na mji huo si Mississippi.

---

Kalamu Butu

Na tukimpa Kiswahili cha wapi sisi? Cha pwani, wachambuzi watasema mnawafanya Weusi wa Marekani kuwa Waswahili. Cha bara, watasema mnawadharau. Lubumbashi77 unavyo vyombo, lakini ukivitumia tu umemhamisha Dilsey.

---

Lubumbashi77

Bora ahamishwe kuliko anyamazishwe.

---

FundiSaa

Mimi kazi yangu ni kutengeneza saa, mtakisia nilivutwa na nani. Quentin anaamka asubuhi ya kufa kwake, anapiga kioo cha saa ya babu yake aliyopewa na baba, anazing'oa akrabu, na saa inaendelea kutembea mfukoni bila mikono, tik tik tik, siku nzima. Anaingia hadi dukani kwa fundi, saa zimejaa dirishani, kila moja inasema lake, anauliza kama kuna iliyo sahihi. Kisha anakwenda kununua pasi mbili za chuma za kumzamisha mtoni.

Nilipata wateja wa hivyo. Si wa kujiua, Mungu apishe mbali, lakini mtu anakuletea saa ya marehemu anasema usiitengeneze, isafishe tu.

Swali kwa mleta uzi: nimesikia kuna Mpalestina aliyeandika riwaya yenye saa baada ya kusoma hii. Ni kweli?

---

bin_Forodhani

Ni kweli, na kwangu hapo ndipo tafsiri ya Jabra ilipofanya kazi yake kubwa.

Ni Ghassan Kanafani, Ma Tabaqqa Lakum, Beirut, 1966, miaka michache tu baada ya Jabra kutoa tafsiri yake. Kanafani mwenyewe alikiri deni lake kwa Faulkner. Hamid anatoka Gaza usiku anavuka jangwa kwa miguu kumtafuta mama yake Jordan. Anaondoka kwa sababu dada yake Maryam amepata mimba ya Zakaria, mtu ambaye Hamid anamdharau, na imebidi aolewe naye. Mnaona? Kaka na dada, heshima, mwili wa dada, kaka hawezi kubeba. Ni Quentin na Caddy hao, isipokuwa huku nyuma yake kuna nchi iliyopotea, si shamba lililogeuzwa gofu. Saa ya ukutani imo chumbani kwa Maryam, inagonga, na Kanafani ameihesabu saa kuwa mhusika, pamoja na jangwa. Wahusika watano: Hamid, Maryam, Zakaria, saa na jangwa. Mwanzoni ameandika maelezo mafupi kwamba sauti zinapishana bila kutangazwa na amebadilisha aina ya herufi ili msomaji ajue ameingia kichwa cha nani. Faulkner alitumia herufi za kulala. Maandishi ya Kiarabu hayana desturi ya kulaza herufi, Kanafani akatafuta njia ya kwao.

Ila tofauti moja naipenda kuliko zote. Maryam anasema. Caddy hakupewa nafasi, Maryam kapewa, na mwisho yeye ndiye anayeshika kisu.

---

Mama Kauthar

Na Jabra mwenyewe alikuwa Mpalestina, msisahau. Alikulia Bethlehemu na Yerusalemu, akasoma Cambridge ya Uingereza, 1948 ikamtupa Baghdad na hakurudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikwenda Harvard kusoma. Yaani aliishi kando ya mto ule ule Charles anaozama Quentin, kabla ya kumtafsiri.

Alifariki 1994. Nyumba yake ya Baghdad, yenye vitabu, picha na barua zake, ilibomolewa na bomu la gari Aprili 2010. Nilipoisoma habari hiyo niliwaambia wanafunzi wangu wafunge madaftari, tukakaa tu.

---

Bi Wete

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Mwalimu, mimi nina swali la ujinga. Mnasema kaka na dada, kaka na dada. Hamlitumii umbu? Sisi zamani mwanamume alimwita dada yake umbu langu, na dada naye alimwita kaka yake hivyo hivyo. Neno la mtu na nduguye wa jinsia nyingine. Wanaume wawili hawaitani umbu.

---

Mama Kauthar

Si la ujinga hata kidogo. Ni neno ambalo Kiingereza hakina na Kiarabu hakina. Kitabu kizima ni cha wanaume watatu na umbu lao mmoja. Ningelitumia kwenye kinywa cha Quentin tu, lakini, huyu msomi anayependa mambo ya kale. Jason angesema "dada mtu", kwa kuvuta mdomo. Benjy hasemi.

Na kuna la mjomba. Kwa Kiingereza ni "Uncle Maury" na unasubiri kurasa kadhaa ujue ni wa upande gani. Kiarabu lazima useme khal, Kiswahili lazima useme mjomba, na papo hapo unajua ni kaka wa mama. Mama Compson anajivunia ukoo wake mno, amempa kitinda mimba jina la mjomba huyo, Maury. Walipogundua mtoto ana ulemavu, akamvua jina, akamwita Benjamin. Asilichafue jina la kaka yake. Hapo lugha zetu zinamshitaki yule mama mapema kuliko Kiingereza.

---

JiweKubwa

Mimi nilikuja kutania, nimeishia kukitafuta hiki kitabu mtandaoni. Kuna mtu kasoma ile riwaya ya Mmisri Naguib Mahfouz, Miramar? Wanaume wanne wanasimulia nyumba moja ya wageni ya Alexandria, wote wanamzunguka msichana Zohra, naye hasimulii. Ya 1967. Sisemi kaiga. Nasema tu ile miaka kulikuwa na wanawake wengi wa kuzungumzwa.

---

Kalamu Butu

JiweKubwa leo umesema kitu. Piga tarehe mstari.

---

bin_Forodhani

Kabla uzi haujalala, nina ombi la aibu. Nakala yangu ni ya kunakilishwa, niliinunua kwa muuzaji mmoja wa vitabu vya mtumba, imefifia, na kama kulikuwa na tofauti ya herufi mimi sikuiona. Zaidi ya hayo, sehemu ya Jason, kuelekea mwisho, kurasa nne hazimo kabisa. Jason karudi nyumbani jioni, yuko jikoni na Dilsey na Luster, kisha ghafla wako mezani. Mwenye kitabu, lugha yoyote, aniambie jikoni kulitokea nini.

---

KediMstaafu

Ninacho hapa mapajani.

Ijumaa jioni. Luster anataka sana kwenda kwenye maonyesho yaliyokuja mjini, hana senti. Jason ana tiketi mbili za bure mfukoni, na yeye mwenyewe haendi. Anamwambia Luster atamuuzia moja kwa senti tano. Luster anasema hana. Jason anafungua jiko, anaitumbukiza moja motoni. Anamuuliza tena. Luster anaomba, anasema atamtengenezea gari mwezi mzima. Senti tano, anasema Jason. Dilsey anamwambia aibu zake. Ya pili nayo inaingia.

---

bin_Forodhani

Ijumaa. Na Benjy ni Jumamosi.

Kumbe ndiyo sababu kitabu kizima kinaanza na Luster ameinama kwenye majani anatafuta robo dola yake, na mimi nilimwona mtoto msumbufu tu, nikamruka.

Narudi ukurasa wa kwanza.